Tangu Kibonge afe, Chausiku analala mlangoni

Mwezi huu nilipanga kujibu maswali ya kupe na viroboto, yamejaa kwenye simu mpaka yanamwagika, lakini zimekuja barua tatu ndani ya wiki mbili zote za paka aliyefiwa na mwenzie, nikaona viroboto wasubiri. Majina ya watu nimeyatoa, ya paka nimeyaacha.

Shikamoo Anti. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi. Naishi Tabata nyumba ya kupanga, uwani tupo wapangaji wanne. Nilikuwa na paka wawili, Kibonge dume la rangi ya chungwa na Chausiku jike jeusi, nimewalea wote toka wadogo. Kibonge alikuwa na miaka 11, Chausiku anaenda wa 8. Kibonge alianza kukonda toka mwaka jana, akawa anakunywa maji mpaka ya kwenye ndoo ya kudekia, anakojoa kila saa, daktari akasema figo zimechoka. Wiki tatu zilizopita akafa usingizini kwenye beseni lake la plastiki alilokuwa analalia, tukamzika nyuma kule chini ya mpapai. Sasa shida ni Chausiku. Kila siku saa 12 jioni, ule muda Kibonge alikuwa anaruka ukuta kurudi, anaenda kukaa mlangoni chini ya pazia anatazama ukuta mpaka giza linaingia na hapohapo ndo analala. Saa 9 usiku anaanza kulia, na siyo nyau ya njaa, ni mlio mrefu kama wa mtoto mchanga, jirani wa chumba cha pili ashanigongea mlango mara mbili. Analinusa beseni alafu anaondoka. Chakula ndo kabisa, anakula robo ya alichokuwa anakula na jana hakugusa kitu siku nzima. Mume wangu anacheka, anasema paka naye anajua msiba? Nimletee mtoto wa paka wa kumliwaza? Na lile beseni nilioshe au niliache? Samahani nimeandika sana. — *Mama Chausiku (ndo wananiita hivo siku hizi), Tabata*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nasema msiba makusudi, mumeo acha acheke.

Barua yako ilipofika niliruka habari zote za mlangoni nikaenda kukaa kwenye ule mstari mmoja, "jana hakugusa kitu siku nzima", nikakupigia simu hata sijamaliza kusoma. Ukaniambia keshoyake kala nusu ya kibua, nikashusha pumzi. Wasomaji wengine mtasema haraka ya nini, mtu akifiwa si hata sisi chakula hakipiti kooni, tunabembelezwa uji na majirani mpaka tanga linaanuliwa? Ndiyo, lakini ini la paka siyo ini lako. Paka akiacha kula, mwili wake unaanza kuvuta yale mafuta ya akiba unayapeleka kwenye ini yakachakatwe, na ini la paka halijaumbwa kupokea mafuta mengi kwa mkupuo, basi yanajazana humohumo, ini linakuwa kama kitumbua kilichonyonya mafuta. Likishafika hapo paka anasikia kichefuchefu, hataki tena chakula, na anavyozidi kutokula ndivyo mafuta yanavyozidi kushuka. Inaweza kuanza ndani ya siku 2 au 3 tu. Na walio hatarini zaidi ni wale wanene, hili watu huwa wananibishia sana, "Anti mbona huyu ana akiba ya kutosha", hiyo akiba ndo inayomuua. Ukiona ndani ya masikio, ufizi au weupe wa macho umeanza kuwa wa manjano, au udenda unamtoka, usisubiri asubuhi, tafuta bajaji.

Kwa hiyo mi hesabu yangu ni hii. Saa 24 hajagusa kitu kabisa, mpigie daktari wa mifugo. Siku 2, mpeleke, hata kama anatembea na anakujia miguuni. Na huyu wa kula robo robo kama wako, mpime uzito kila wiki maana macho yanadanganya, manyoya yanaficha. Mi wa kwangu nampeleka kwa muuza maharage mtaani, anakaa kwenye kikapu chenye kifuniko tunakiweka juu ya mizani alafu tunatoa uzito wa kikapu, yule kaka ananichaji mia mbili na kila wiki lazima aulize nauza bei gani kilo.

Sasa utamlishaje. Paka anakula kwa pua kabla ya mdomo, chakula kilichotoka kwenye friji kwake ni kama kipande cha ubao. Chemsha kibua au dagaa kwa maji matupu, narudia maji matupu, usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, vyote viwili vinaharibu damu ya paka hata vikiwa vimeungwa kwenye mchuzi, na chumvi pia acha. Toa miiba, kisha mpe kikiwa bado na uvuguvugu, joto kama la kiganja chako. Weka kijiko kimoja tu, siyo sahani nzima, akimaliza ongeza. Kisipoliwa ndani ya nusu saa kitoe, na joto hili la Dar chakula cha samaki kikikaa chini kinanuka na sisimizi washapanga foleni, paka akinusa kitu kibovu mara moja anaweza kukisusa kabisa hata siku kikiwa kizuri. Jaribu na maini ya kuku kidogo, au ule mchuzi mtupu wa kichwa cha samaki umwagie juu ya chakula chake cha kawaida. Ukimpa kwa kidole akalamba, endelea na kidole, hakuna aibu. Ila usimshike taya ukamlisha kwa nguvu, kwanza kinaweza kumpalia kikaingia kwenye mapafu, pili atachukia hicho chakula na wewe juu.

Maziwa msinipigie simu. Paka wengi wakubwa yanawaharisha, na paka asiyekula ukimwongezea kuhara unakuwa umemmaliza.

Haya, tuje kwa mumeo. Paka anajua msiba? Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oakland, kile cha Michigan Marekani, walichapisha utafiti waliowauliza wafugaji 412 ambao nyumbani kwao paka alifiwa na mwenzie, awe paka au mbwa. Majibu yakaja karibu yaleyale uliyoniandikia wewe, kula kumepungua, kucheza kumepungua, hata kulala, alafu kumeongezeka kujificha, kukaa peke yake, kumng'ang'ania binadamu, na kutembea huku na huku kama anayetafuta mtu. Mi nauheshimu utafiti huo ila nitasema na upande wa pili, waliojibu ni wenye paka wenyewe, na mtu mwenye majonzi akimwangalia paka wake anaona majonzi. Kama paka anaelewa kwamba Kibonge hatarudi hilo hakuna aliyelithibitisha. Lakini kwamba kuna kitu kimepungua kwenye siku yake, hilo halina ubishi, saa 12 jioni kuna mtu alikuwa anaruka ukuta na sasa haruki, na paka ni mnyama wa ratiba kuliko hata dereva wa mwendokasi.

Ndo maana dawa kubwa ni ratiba, isiguswe. Na hapa ndo wengi tunakosea, paka akifiwa tunamhurumia tunabadilisha kila kitu, tunamhamishia chumbani, tunampa chakula kipya, tunageuza kochi, wageni wanaitwa wamwone. Kumbe kilichobaki cha kushika ni yale ya kila siku. Kama alikuwa anakula saa 1 asubuhi na saa 1 jioni apewe muda huohuo na mtu yuleyule. Ile saa 12 ya mlangoni usimfukuze wala usimbebe, kaa naye hapo na wewe ukichambua mchele wako, dakika kumi, akija pajani sawa, asipokuja sawa.

Beseni usilioshe sasa hivi. Figo haziambukizi kwa hiyo halina hatari yoyote kwa Chausiku (ingekuwa ugonjwa wa kuambukiza ningekwambia kingine, soma barua inayofuata). Paka wanaoishi pamoja wanasuguana mashavu na ubavu mpaka nyumba nzima inakuwa na harufu moja ya ukoo, hiyo harufu ndo inamwambia hapa ni kwetu. Ukiosha beseni, ukafua shuka na ukadeki na dawa siku moja, kwake ni kama kaamkia nyumba ya watu. Liache mpaka mwenyewe aache kulinusa, au siku utakayomkuta kalala ndani yake, na hiyo siku utalia wewe.

Sasa kilio cha saa 9. Najua jirani anagonga, najua unatamani kuamka umpe dagaa anyamaze, usifanye hivo, maana paka ana akili ya biashara, usiku wa tatu atakuwa analia kwa ajili ya dagaa siyo Kibonge. Badala yake mchoshe kabla ya kulala. Chukua kamba, funga manyoya mawili ya kuku mwishoni, buruza sakafuni taratibu kama panya mwoga, isimame, ijifiche nyuma ya mguu wa meza, itokeze tena. Siku za kwanza anaweza kuitazama tu kwa jicho, usikate tamaa. Dakika kumi hivi, alafu umpe ule mlo wake wa usiku, maana paka akishawinda na akala, anajilamba analala, ndivyo alivyoumbwa. Kamba ukimaliza weka kabatini juu, paka akimeza uzi unaweza kumkunja utumbo mpaka apasuliwe. Na mlio ukiendelea zaidi ya mwezi bila kupungua mpeleke apimwe, jike la miaka 8 siyo mtoto tena, tezi ya shingo na presha navyo vinaliza paka usiku.

Nigusie kidogo wenye madume, japo hukuuliza. Dume likipata msongo mara nyingine kibofu ndo kinachukua mzigo. Ukimwona anaenda kwenye mchanga kila baada ya dakika tano, anachuchumaa, anajikamua, analia na hakitoki kitu au kinatoka kitone chenye damu, watu wanasema amefunga choo kwa mawazo. Siyo choo, ni njia ya mkojo imeziba, na dume lililoziba linaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Hilo ni la kupeleka usiku huohuo.

Mtoto wa paka? Bado. Mi mwenyewe nilifanya hilo kosa. Nilikuwa na Sultani na Zuhura, Zuhura alipokufa kwa uzee Sultani akahamia kwenye kapu la nguo chafu, hatoki, roho ikaniuma, wiki ya pili nikaenda kuchukua kitoto cha kijivu kwa shoga yangu nikakitua katikati ya sebule nikakaa kusubiri mapenzi. Sultani alikitazama, akatoka kwenye kapu kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili, akaenda moja kwa moja kukojolea kochi. Kochi lilikuwa la mkopo, halijamalizika hata kulipwa. Kitoto nikakirudisha keshoyake. Chausiku hajakuomba paka mwingine, alikuwa anamtaka Kibonge, na mtoto wa miezi miwili mwenye kumrukia mkia saa 24 siyo Kibonge. Subiri mpaka ale vizuri, acheze, alale usiku, kwa wengine ni wiki chache kwa wengine miezi hadi sita. Na wapo wengine wakishabaki peke yao wananawiri, wanakuwa wapenzi wa watu kuliko mwanzo, huyo usimletee mtu kabisa. Siku ukiamua kuleta, mgeni akae chumba chake mlango umefungwa, kila mmoja ale upande wake wa mlango, wabadilishie vitambaa vya kulalia wanuse, ichukue wiki mbili hata tatu kabla ya kuonana uso kwa uso. Najua una chumba na sebule, basi chumba ndo cha mgeni.

Shikamoo Anti. Nna miaka 22 nakaa Mbagala Rangi Tatu, naomba unisaidie haraka. Niliokota watoto wawili wa paka ndugu pale sokoni, sasa wana kama miezi minne. Jumamosi mmoja akaanza kutapika maji ya njano na kuharisha damu, Jumatatu asubuhi nikamkuta kafa. Mwenzie toka jana yuko kimya, kajikunja, anaenda kukaa mbele ya bakuli la maji kichwa kinaning'inia lakini hanywi. Watu wananiambia ana majonzi ya ndugu yake nimtafutie mwenzie haraka, na kuna jamaa anagawa watoto watatu bure. Jirani anasema nimpe ile dawa ya maji ya homa ya watoto. Nifanye nini? — *Kijana wa Mbagala*

Marahaba. Huyu naye nilimpigia palepale, na jibu langu lilikuwa fupi, funga kwenye boksi lenye matundu uende kwa daktari sasa hivi. Naliweka hapa kwa ajili yenu wengine.

Mtoto wa paka asiye na chanjo, ndugu yake kafa kwa kutapika na kuhara ndani ya siku mbili, na yeye kakaa juu ya maji hanywi, hayo siyo majonzi. Hiyo picha ya kuinamia bakuli bila kunywa ukishaiona mara moja huisahau, kiu anayo ila tumbo linakataa. Ni dalili inayofanana sana na ule ugonjwa ambao wafugaji wanauita parvo ya paka, kirusi kinachoshambulia utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu. Watoto wasiochanjwa wengi hawaponi, na dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna, daktari anachofanya ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibayotiki ili vimelea vingine visiingie wakati kinga imelala. Kila saa ina maana. Wewe binadamu hakikupati, ondoa hofu.

Ile dawa ya homa ya watoto mwambie jirani asante alafu uirudishe kabatini. Parasetamo ni sumu kwa paka, mwili wake hauna namna ya kuivunja, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima mwenye afya. Nimeona wengi wamepotea hivo, kwa huruma kabisa.

Na wale watatu wa bure muache jamaa akae nao. Hiki kirusi ni kigumu kama deni, kinaweza kukaa nyumbani kwenye sakafu, mikeka, hata soli za kandambili kwa mwaka mzima kikimsubiri mgeni. Kwako wewe, tofauti na yule dada wa Tabata, kila kitu kifuliwe au kichomwe. Anza kusugua uchafu wote kwa sabuni maana jiki ikikutana na uchafu inaisha nguvu, alafu ndo upitishe jiki, kikombe 1 kwa vikombe 20 vya maji, iache imelowa dakika 10 kisha suuza, na paka asikanyage mpaka pakauke. Mgeni yeyote atakayekuja baadae awe ameshamaliza chanjo zake, zinaanza wiki ya 8 hivi na zinarudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka avuke wiki ya 16.

Kingine, kwa mtu yeyote ambaye paka wake kafa ghafla na hajui kwanini na ana mwingine ndani, usikimbilie kuzika. Mfunge kwenye mifuko miwili umweke kwenye barafu, siyo friza, umuulize daktari wako kuhusu uchunguzi. Maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, makao yake makuu yapo hapahapa Temeke, na kazi yao ndo hiyo ya kuchunguza magonjwa ya wanyama. Aliyekufa hatorudi ila unaweza kujua kama aliyebaki ana majonzi au ana saa chache. Na wakati mwingine mjini hapa jibu ni sumu ya panya, mmoja kala panya aliyekula sumu na mwenzie kala panya wa pili.

Wakati naandika haya kijana kanitumia picha, paka yuko siku ya tano, kamba ya dripu mguuni, analamba mchuzi. Bado hatujashangilia.

Assalaam aleikum dada. Nipo Magomeni, nina paka wawili Simba na Yanga, majina kaweka shemeji yangu usiniulize. Juzi Simba kagongwa na gari alfajiri. Binti yangu wa darasa la pili alikuwa bado kalala, nikamzika haraka nikamwambia Simba kasafiri kwenda Tanga kwa bibi. Sasa imekuwa tabu, kila jioni anakaa na Yanga dirishani wanamsubiri wote wawili, anataka tupige simu kwa bibi aongee na Simba. Jana kamwona Yanga analia akamkumbatia kwa nguvu ili ambembeleze, Yanga akamng'ata kwenye kidole, damu ikatoka kidogo, mama yake kampaka dawa ya mswaki. Naitoaje hii habari ya Tanga? — *Baba wa binti, Magomeni*

Waaleikum salaam kaka. Tanga baadae, kidole kwanza.

Futa hiyo dawa ya mswaki. Kidonda cha kung'atwa na paka kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, weka simu ihesabu, alafu mtoto anaenda kituo cha afya leo hata kama kidole hakijavimba. Meno ya paka ni kama sindano, yanaacha tundu dogo linaloziba juu na uchafu unabaki ndani, ndani ya siku moja kidole kinaweza kuwa kama ndizi. Na kuna kichaa cha mbwa, jina ni la mbwa lakini paka anakipata na anakiambukiza, na kikishaonyesha dalili hakina tiba. Kadi ya chanjo ya Yanga ibebe kama ipo, na kama haipo sema haipo, daktari ndo ataamua sindano. Yanga mwenyewe usimfukuze wala usimuue, mfungie ndani mumwangalie siku 10, akibadilika tabia au akifa mjulishe daktari wa mtoto siku hiyohiyo. Lakini usisubiri hizo siku 10 ndo umpeleke mtoto. Yanga baadae naye achanjwe, ulizia kwa afisa mifugo wa kata, 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na halmashauri nyingi zinachanja kipindi hicho.

Yanga hakung'ata kwa ubaya. Paka mwenye wasiwasi akibanwa anaona kanaswa, na mikono ya mtoto wa miaka 8 haina breki. Mfundishe akae chini, anyooshe kidole, Yanga akija kukisugua na shavu ndo amkune kidevuni, mara tatu, alafu mkono utoke. Akiondoka asimfuate. Mwachie na kazi, yeye ndo awe anampa Yanga dagaa wake jioni kabla ya ile saa ya dirishani, atakwambia yeye wa kwanza siku Yanga akiacha kula, watoto wana macho.

Kuhusu Tanga, mwambie leo baada ya hospitali, mkiwa mmekaa. Tumia neno amekufa. Ukisema kalala ataogopa kulala, ukisema kaondoka ataendelea kukaa dirishani, na Yanga hana namna ya kumwambia ukweli, ni wewe tu unayo. Mwambie gari lilimgonga, ulimzika, na ulidanganya kwa sababu uliogopa atalia. Atalia. Mpeleke ulipomzika akapaone, akitaka kuweka jiwe aweke. Anaweza kukununia siku mbili tatu, ni haki yake.

Na mpigie bibi wa Tanga mapema kabla hujaongea na mtoto, maana akishajua tu ataomba simu akahakikishe.